Mji wa Kale Hupigiwa Hodi

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuwatembeza wageni, Mombasa

Assalaam aleikum, na sabalkheri nyote. Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, hamjambo. Na nyinyi wanangu ambao karibuni mtaanza kuwaongoza wageni mitaani mwetu, nyinyi ndio mlionitoa nyumbani leo, kwa hivyo nisikilizeni kwa utulivu.

Nimeombwa nizungumze juu ya majengo yetu ya kale na mitaa yake, na namna ya kuizunguka kwa miguu. Nimefundisha historia miaka 31, na majengo nayapenda. Lakini nitaanza mlangoni kwetu Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, siku ya pili ya matanga ya mamangu.

Wanaume walikuwa wamejaa barazani wakisoma, sisi wanawake tuko ndani. Mimi nilikaa karibu na dirisha, naiona njia. Likaja kundi la wageni kama kumi hivi, na kijana wetu mmoja mbele yao. Akasimama mbele ya mlango wetu, akaunyoshea mkono, akaanza: tazameni nakshi hii, tazameni roshani ile juu, mbao zimechongwa hivi na hivi. Simu zikainuliwa. Mjomba wangu alikuwa na juzuu mkononi. Akaacha kusoma, akawatazama, wala hakusema neno, maana mgeni hafukuzwi. Yote aliyoyasema yule kijana kuhusu mlango wetu yalikuwa sahihi. Jambo moja tu hakulijua: kwamba mlango ule umeachwa wazi kwa sababu jana yake palitoka jeneza.

Aliyefahamu wa kwanza alikuwa mgeni, mama mtu mzima mwenye kofia ya ukili. Alimtazama mjomba, akavitazama viatu vilivyopangana kizingitini, akairudisha simu mkobani. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, kisha akawavuta wenzake taratibu wakaondoka. Hakuwa na hata neno moja la lugha yetu yule mama, lakini alibisha hodi.

Ndilo neno nililowaletea leo. Hodi.

Ukimpeleka mtu mahali palipohamwa, pa magofu, unaweza kuingia na kutoka utakavyo, wenyewe hawapo. Hapa kwetu wenyewe wapo. Wanapika, wanagombana, wanaozesha, wanazika. Kila hatua mgeni anayopiga katika Mji wa Kale anapita mbele ya nyumba ya mtu, na mara nyingi anapita karibu na magoti ya mtu aliyekaa barazani. Kwa hivyo matembezi haya, kwangu mimi, ni kuzuru watu. Mawe yanafuata nyuma.

Na msidhani hili nimelitunga mimi. Mwaka 1331 alifika hapa msafiri kutoka Tanja, Moroko, Ibn Battuta. Alilala usiku mmoja tu, akaendelea na safari yake ya Kilwa. Usiku mmoja, wanangu! Na tazameni aliyoyaona. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Aliona kwamba kwenye kila mlango wa msikiti pana kisima kimoja au viwili, vya kina kifupi, dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye kijiti chembamba cha kushikia. Sisi tungesema kata. Aliona kwamba anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huipangusa kwenye jamvi nene lililotandikwa mlangoni. Alionja tunda tamu linalofanana na zeituni, akaliita jamun, zambarau yetu hii hii. Na akaandika kwamba watu wote hapa hutembea miguu mitupu.

Mimi maelezo hayo nimeyasoma mara nyingi, na kila mara hukwama pale pale, kwenye miguu. Mtu amesafiri nusu ya dunia, amekaa na wafalme, na anapofika Mombasa anaandika juu ya watu kuosha miguu. Aliyaona kwa sababu alitembea kwa kituo na akatazama chini, akatazama watu wanafanya nini mlangoni. Huyo ndiye mtembezi ninayetaka mumlete hapa.

Miaka 174 baadaye, mwaka 1505, wakaja wasiobisha. Francisco de Almeida alikuja na merikebu zake za Kireno, akauteka mji, akautia moto. Walirudi tena 1528, wakarudi 1589, na kila mara mji ukaungua na kila mara watu wakarudi kujenga. Si bure kwamba mji huu uliitwa Mvita. Wako wanaosema jina ni la Shehe Mvita, wako wanaosema ni la vita. Mwelezeni mgeni yote mawili.

Lakini katika maelezo ya Wareno wenyewe ya mwaka ule 1505 kuna maneno ambayo nawaombeni mwende nayo kila siku. Wanasema nyumba ni za ghorofa, zimepakwa chokaa, na njia ni nyembamba hata watu wawili hawawezi kwenda sambamba, na tena zinazidi kuwa nyembamba kwa sababu mbele ya nyumba pana viti vya mawe. Viti vya mawe mbele ya nyumba! Hiyo ni baraza. Yule askari aliyekuja kuchoma mji aliona baraza zinamzuia kupita. Kwa hivyo mzee unayemwona leo amekaa barazani Kibokoni, na gazeti lake na kikombe chake cha kahawa chungu, amekaa mahali ambapo watu wa mji huu wamekuwa wakikaa kwa zaidi ya miaka 500. Ukipita bila kumsalimu, umepita bila kukiona kitu cha zamani kuliko Ngome yetu, Fort Jesus.

Maana Ngome yenyewe ilikuja baadaye. Ilianza kujengwa 1593, kwa mchoro wa Mtaliano aliyewatumikia Wareno, Giovanni Battista Cairati, na mawe yake ni matumbawe haya haya ya kisiwa chetu. Semeni habari za Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na kubatizwa Goa, kisha mwaka 1631 akawageukia Wareno na kuitwaa. Semeni mazingiwa ya Waomani, kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na watu wakifa humo ndani zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Yote hayo yako vitabuni na kwenye vibao, mtayasoma. Mimi nawaongezea moja lisiloandikwa: nyanya yangu hakuiita Fort Jesus, na hakuiita Ngome. Aliiita jela. Toka 1895 hadi 1958 ilikuwa jela kweli, na yeye akipita pale alikuwa akivuta buibui na kuharakisha hatua, hadi alipokufa, hali ya kuwa wafungwa walikwisha kuondolewa zamani. Mpeni mgeni na hiyo pia. Jengo huwa na umri wake, na huwa na woga wa watu waliopita mbele yake.

Ila msimalizie asubuhi yote Ngomeni. Naona vikundi vinakaa humo saa tatu, halafu mji mzima unapitwa kwa nusu saa, jua liko utosini, wageni wamechoka. Geuzeni. Anzeni mapema, mji ukiwa bado na kivuli.

Tokeni Ngomeni mshike Barabara ya Mbarak Hinawy. Zamani ikiitwa kwa jina la Vasco da Gama. Leo ina jina la Liwali wa Pwani, mtu wa hapa, aliyekusanya na kuhifadhi maandishi ya Kiswahili. Nendeni nayo polepole mpaka Msikiti wa Mandhry. Msikiti huu husemwa kuwa ni wa mwaka 1570, na bado unasaliwa. Mnara wake si kama minara mingine. Unapanda ukisinyaa, kama kidole. Na ng'ambo ya njia pana kisima. Hapo ndipo nawaomba msimame, na mmtaje Ibn Battuta hapo, si kabla. Mgeni akione kisima kwa macho yake, kisha asikie kwamba mtu alikuja miaka 700 iliyopita karibu, akaandika habari za visima milangoni pa misikiti ya mji huu. Msiongeze neno. Mwacheni atazame maji.

Kutoka hapo harufu itawaongoza wenyewe mpaka Bandari ya Kale. Siku hizi majahazi ni machache, si kama nilivyoyaona mtoto, wakati kaskazi ilipokuwa ikivuma na mabaharia wa Arabuni wamejaa mjini na tende na mazulia yao. Kazi kubwa ilihamia Kilindini, kwenye maji ya kina, ambako mwaka 1896 ndiko reli ya Uganda ilikoanzia. Mji ukageuza uso, ukautazama upande wa pili wa kisiwa. Labda ndiyo sababu Mji wa Kale ulibaki na njia zake. Hapakuwa na haja ya kuupanulia malori.

Sasa Ndia Kuu. Nimewahi kumsikia mtu akiwaeleza wageni kwamba kibao kimekosewa, ilipaswa kuandikwa Njia Kuu. Niliumia. Wanangu, hicho ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Nyanya yangu alisema ndia, akasema ndoo hapa, akasema ana ndaa, akasema mato yamuuma. Ukikisoma kibao kile kwa sauti umesema kwa ulimi wa watu waliojenga mji. Wafundisheni wageni watamke, Ndia Kuu, na muone watoto wa mtaa watakavyofurahi.

Kuna picha za mwanzoni mwa karne ya 20 zinazoonyesha reli nyembamba zimelazwa katika njia za mji huu, na juu yake vigari vyenye viti na kivuli cha turubai. Mkubwa alikaa juu, na vijana wetu walikimbia nyuma wakisukuma. Hata kigari hicho, basi, kilikwenda kwa miguu. Tena kwa miguu ya mtu mwingine. Nawaambieni hili ili mnapoeleza fahari ya majumba yale ya Ndia Kuu, mkumbuke na waliokuwa wakitoka jasho njiani.

Majumba yenyewe mengi hayana umri ambao watu huyapa. Misikiti ni ya kale, mpangilio wa njia ni wa kale, lakini nyumba nyingi zinazosimama leo ni za miaka 150 hivi kurudi chini. Msione haya kusema hivyo. Fundi wa nakshi wa Kihindi, mwashi wa Kiswahili, tajiri wa Kiarabu, wote wamo katika ukuta mmoja. Roshani zile za mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha lesi zilikuja na mikono ya Wahindi, na zikakaa hapa vizuri kwa sababu zinaingiza upepo wa bahari na kumstiri aliye ndani. Na mkiingizwa nyumba ya mawe ya kizamani, mkaona chumba ni kirefu lakini chembamba, inueni macho. Dari imelala juu ya boriti za mkoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Mti uliokatwa katika mikoko ndio uliomwambia mwashi asimamishe ukuta wapi.

Nitakaa kidogo kwenye vichochoro, kwa sababu mimi ni mwanamke na vichochoro ndivyo vilivyonilea. Ndia Kuu ilikuwa ya wanaume. Sisi tulikuwa na njia zetu: kutoka uani kwetu, ukapita nyuma ya nyumba ya shangazi, ukainama chini ya wikio, ukatokea kwa jirani, na usikutane na baraza ya wanaume hata moja. Mamangu angeweza kwenda arusini mitaa miwili mbele na wanaume wasijue kwamba ametoka. Wikio ni ile nyumba inayopita juu ya njia, inayounganisha nyumba mbili, na chini yake pana baridi siku zote. Nikiwa mtoto nilijua nimefika wapi kwa nyayo tu: hapa sakafu ya udongo, hapa jiwe limelika katikati, hapa maji ya jikoni kwa fulani yanamwagika, kaza mguu. Wageni wakiniuliza ramani, nasikitika kwamba siwezi kuwapa hiyo.

Lakini sasa nasema kwa ukali kidogo: vichochoro hivyo msiwapeleke wageni kumi na mbili. Wawili, watatu, sawa, na ubishe hodi kabla hujakata kona, kwa sauti, kama tulivyolelewa. Mwanamke yuko uani kichwa wazi anakuna nazi. Ni haki yake asikie sauti kabla ya kuona uso.

Ukitoka kule ukaelekea Mtaa wa Biashara, mgeni anaingia katika leso, yaani kanga. Mnunulieni muda hapo. Muuza leso akiitandaza, mwonyesheni mgeni sehemu zake tatu: pindo inayoizunguka, jina lililoandikwa, na katikati yake, uwanja ule mkubwa, unaitwaje? Unaitwa mji. Nilishajifunga leso miaka na miaka kabla sijalisikia neno hilo kwa masikio mawili. Mji uko katikati na umezungukwa, na jina liko pembeni, maneno machache mtu ameyachagua kwa makusudi apelekewe mtu fulani. Mwachieni mgeni alichague jina lake mwenyewe, na mumweleze maana yake kweli, msimdanganye, asije akampelekea mamake maneno ya kumsuta.

Marikiti mnaijua, viungo mnavijua, na pilipili itawafanya wapige chafya. Mapembeni, kwenye zile pembe kubwa za ndovu za kuigiza juu ya barabara, nendeni mkipenda. Wageni wote wanataka kupigwa picha chini ya zile pembe. Waambieni tu ukweli, kwamba za kwanza ziliwekwa 1952 kwa ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, na hizi za bati la alumini ni za 1956, alipokuja nduguye Margaret. Dakika tano zatosha.

Majina ya mitaa, hayo yatembezeni mdomoni. Langoni, palipokuwa na lango la mji. Kilindini, kwenye kilindi. Mwembe Tayari, ambako misafara ya bara ilikusanyika chini ya mwembe, mizigo imefungwa. Mkanyageni. Mlango wa Papa. Mtu anayekwenda kwa gari huyaona majina haya kama vituo. Anayekwenda kwa miguu huuliza, na akiuliza atapata mzee wa kumjibu, na wazee watatu wa kumpinga yule wa kwanza, na hapo ndipo somo linapoanza.

Liko jambo linanikera moyoni na sitalificha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa na mlango uliochongwa, mfaa wake wa katikati una maua yanayopanda kama mtambaa, na njumu za shaba nilizokuwa nikizihesabu kila nikienda chuoni asubuhi. Kwa mkono, nazigusa, moja moja. Siku moja nilirudi nikakuta pametiwa mlango wa chuma. Ule umeuzwa, umekwenda zake. Mwenye nyumba simlaumu. Paa lilikuwa likivuja juu ya watoto, na kuitengeneza nyumba ya chokaa na boriti ni ghali kuliko kumwaga saruji. Lakini wageni walipita mbele ya mlango ule kwa miaka, wakaupiga picha kwa maelfu, na hakuna hata senti moja ya picha hizo iliyopanda juu ya lile paa.

Kwa hivyo mkitembeza, pesa ziteremke njiani. Kahawa inunuliwe kwa mwenye dele anayegonganisha vikombe pembeni, si hotelini. Mahamri na mbaazi kwa mama anayekaanga mlangoni pake. Mkiruhusiwa kuingia nyumba ya mtu, mwenyewe alipwe, tena mbele ya macho yenu, msimwachie ahadi. Na mkipita mahali pana viatu vingi kizingitini na wanaume wamekaa kimya, teremsheni sauti, shusheni simu, pitieni mtaa wa pili. Mnisamehe nikirudia hilo.

Nimeambiwa muda wangu umekaribia kwisha, na mambo ya darasani yana mipaka. Kesho, baada ya sala ya alfajiri, tukutane mbele ya Ngome. Vaeni viatu vya kuvua upesi. Tutakwenda kama nilivyosema, Mandhry, kisimani, Bandarini, Ndia Kuu, na kila baraza tutakayoipita nataka nisikie salamu kutoka kwa kila mmoja wenu, na msubiri mpaka ijibiwe. Tutamalizia Kibokoni kwetu. Mjomba yule yule bado yuko, ana miaka 88, na huwa ameshaketi barazani saa kumi na mbili. Nimemwambia mnakuja. Ameuliza tu mko wangapi, ili ajue vikombe.